Seli shina hazinywewi kwenye uji

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa miaka saba ana sikoseli. Jirani ameniuzia kopo la unga wa "seli shina", eti nikimchanganyia kwenye uji utaamsha uloto wa mifupa yake utengeneze damu mpya, na dawa za kliniki niache. Ni kweli? (Mama, Morogoro)

JIBU: Marahaba mama. Dawa za kliniki usiache hata siku moja.

Makopo haya huwekwa mezani kwangu karibu kila wiki. La juzi lilichorwa tufaha upande mmoja, mfupa upande wa pili. Tufaha lina seli shina zake, yaani seli mama zinazozaa seli nyingine, sawa, lakini ukizimeza tumbo linazisaga kama ugali na maharage. Hata zingekuwa za binadamu zingeishia hukohuko.

Kinachoniudhi zaidi ni hilo neno "kuamsha". Nani kasema uloto wa mwanao umelala? Chembe nyekundu ya mtu asiye na ugonjwa huishi siku 120 hivi. Ya sikoseli hufa ndani ya siku 10 hadi 20. Kwa hiyo uloto wake unafyatua damu usiku na mchana kufidia, ndiyo maana tunampa foliki asidi, vitamini ya kutengenezea damu. Kosa liko kwenye jeni, ndani ya seli shina zenyewe: herufi moja tu katika maelekezo ya kutengeneza himoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu. Kila chembe nyekundu inayotoka humo inalirithi. Fyatua tofali kwa kalibu iliyopinda, kisha ongeza udongo uone utapata nini. Na haidroksiyurea, dawa hiyo ya kliniki unayoambiwa uache, huubana uloto kidogo, na chembe zikaanza kubeba zaidi himoglobini ile aliyokuwa nayo tumboni mwako, isiyozikunja chembe kama mundu.

Kalibu yenyewe hubadilishwa kwa upandikizaji wa uloto. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwafanyia watoto wa sikoseli mwaka 2023. Uloto wa zamani unafutwa kwa dawa kali, seli za ndugu zinaingizwa kwa dripu, zenyewe zinajua njia ya kwenda mifupani, halafu mtoto anakaa wiki kadhaa amejitenga kwa kuogopa maambukizi. Anayekwambia kazi hiyo inafanywa na kijiko cha unga anakuibia.

Tena kopo hilohilo linauzwa kwa mwenye kisukari, mwenye presha, hadi mwenye saratani ya damu, ambaye shida yake ni seli zinazozaliana bila breki! Wengine huongezea na chupa ya "kuongeza damu" iliyojaa madini ya chuma. Mtoto aliyeongezewa damu mara nyingi tayari ana chuma cha ziada mwilini. Kinajikusanya kwenye ini na moyo.

Kliniki ijayo njoo na hilo kopo. Na kama mwanao ana ndugu wa baba na mama mmoja, waje pia tuwapime: kila mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana naye kiasi cha kumpa uloto.