Nikishikwa na mafua siku ya kwenda kwa sokwe Mahale, ninyamaze?

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mimi ni mwalimu hapa Tabora, tumechanga mwaka mzima mimi na mume wangu na dada yangu ili likizo fupi ya mwezi wa tisa twende hifadhi ya Mahale kuona sokwe, treni mpaka Kigoma halafu boti, kambi tumeshalipia. Sasa nafundisha darasa la pili na wale watoto wananiambukiza mafua kila mara. Mume wangu anasema yakinipata nimeze dawa, nivae barakoa, ninyamaze, hela ishatoka. Halafu nina miaka 47, miguu yangu sio ya mlima, huko watu wanatembea masaa mangapi?
Mwalimu, Tabora

JIBU: Marahaba mwanangu. Naanza na mafua maana hapo ndo penyewe. Usinyamaze. Mumeo namwelewa kabisa, hela ya kuchanga inauma, ila sokwe mtu na sisi tunafanana kwenye vinasaba karibu asilimia 98 na ndo maana magonjwa yetu yanawaingia, tofauti ni kwamba we mafua yako yanaisha kwa chai ya tangawizi na yeye yanaweza kumshukia kifuani akafa. Sio maneno ya kutishana, mwaka 2006 ugonjwa wa kifua ulipita kwenye kundi la M pale Mahale, kundi hilo hilo mnaloenda kuliona nyie, na sokwe walikufa. Gombe nako, hifadhi nyingine ya sokwe huko huko Kigoma, mwaka 1966 waliugua polio, wengine wakapooza mikono. Na jike akishazaa anakaa miaka kama 5 au 6 ndo azae tena, kwa hiyo wakifa wachache tu pengo lake haliji kuzibwa leo wala kesho.

Barakoa mtavaa wote, hata wazima, na mtakaa mita 10 kutoka kwa sokwe, na mkishawafikia ni saa moja tu mnaondoka. Hizo ni kinga za kuongezea juu ya uzima wako, hazigeuzi mgonjwa kuwa mzima. Mimi niliwahi kumuongoza mama mmoja, tumeshapanda masaa mawili, tunawasikia kabisa wanapiga kelele bondeni, akaanza kukohoa akaniambia mwenyewe, nirudishe. Alilia njia nzima. Yule mama namheshimu mpaka leo.

Kwa hiyo piga simu kambini sasa hivi kabla hata hujaumwa, uliza nikifika naumwa wananipangia siku nyingine au inakuwaje. Usiku wa kukaa ukiwa mwingi una nafasi ya kupona, ukiwa mmoja huna.

Haya, miguu. Ndani ya hifadhi hamna barabara, ni boti na miguu yako. Asubuhi wafuatiliaji wanatangulia, wanaenda pale sokwe walipolala jana (kila jioni wanajitengenezea kitanda kipya cha matawi juu ya mti), wakiwapata wanaita kwa simu ya upepo ndo nyie mnatoka. Ndo maana hamna mtu wa kukuambia masaa kamili, kuna siku ni dakika 40 kuna siku masaa manne na mteremko wa kurudi ndo unaoumiza magoti. Bahati yenu mwezi wa tisa ni kiangazi, njia kavu, na mara nyingi wanakuwa wameshuka chini karibu na ziwa Tanganyika. Mwambie muongozaji mapema kabisa kwamba unaenda polepole, msikae mnajikaza. Kilele cha Nkungwe chenyewe, kirefu kuliko vyote kwenye milima ya Mahale, mita 2,462, hicho ni safari nyingine ya kulala mlimani, hakuna atakayewapeleka kwa bahati mbaya.

Vaa suruali ndefu na uichomeke kwenye soksi, siafu wa kule hawana huruma. Maji ya kutosha. Chakula hakitolewi mbele ya sokwe hata karanga, na ukibanwa haja mwambie muongozaji msogee mbali mfukie. Dume akija mbio anaburuza matawi usikimbie, simama, shika mti, atapita.

Na ikitokea umebaki kambini, omba wakutoe na boti ufukweni. Ukitaka kuogelea waulize kwanza, mamba wapo na viboko wapo. Jioni kula mgebuka, samaki wa ziwa hilo, wa kuchoma, dada yako akirudi akusimulie.