Limau na bikabonati kwenye meno: tafadhali usianze

Hilo limau lirudishe jikoni. Umeandika kwamba kuanzia leo jioni utasugua meno kwa maji ya limau na bikabonati ya soda ili yawe meupe kabla ya harusi ya dada yako, na utasukutua kwa siki kila asubuhi kuondoa harufu ya mdomo. Chini yake umeuliza pia kuhusu fizi kutoka damu. Waliotangulia kukujibu wanakupongeza kwa kuchagua vitu vya asili. Nimeshindwa kupita kimya, kwa sababu mchanganyiko huo niliutumia mimi, na meno yangu ya mbele hayajarudi kuwa yale niliyokuwa nayo.

Ubaya wake ni kwamba mwanzoni unafanya kazi. Madoa ya chai na kahawa yanatoka kweli, na uso wa jino ulioguswa na asidi unapata weupe wa chokaa. Ukijitazama kwenye kioo unaona dawa imekubali, basi unaongeza. Mimi niliongeza. Nikawa nasugua asubuhi na usiku, tena kwa mswaki mgumu, na meno yalipoanza kutia ganzi kila nikinywa maji baridi sikuacha. Yule bwana wa kwenye video niliyemfuata alisema ganzi ni ishara kwamba uchafu unang'oka. Hilo mpaka leo linanikera kuliko limau lenyewe. Mwili ulikuwa unapiga kelele, naye akanifundisha kuzifurahia zile kelele. Hakuwa daktari wala hakusema alikosoma. Alikuwa na meno mazuri tu, na mimi nikaona hiyo inatosha.

Wiki kadhaa baadaye meno yakawa ya njano kuliko nilivyoanza. Nikadhani nimepunguza kipimo, nikaongeza limau. Daktari wa meno ndiye aliyenifungua macho, na nakuomba usome hapa polepole.

Tabaka la nje la jino linaitwa enameli. Hakuna kitu kigumu kuliko hicho katika mwili wa binadamu. Karibu asilimia 96 ya uzito wake ni madini. Chini yake kuna dentini, na rangi ya dentini tangu kuumbwa ni ya manjano. Enameli ikiwa nene, manjano hayo yanafichika. Ikipungua, yanatokeza. Kwa hiyo kila nilipokuwa nasugua nilikuwa naisogeza karibu na macho ya watu ile rangi niliyoikimbia. Isitoshe, dentini ina vijitundu vidogo sana vinavyoelekea kwenye kiini cha jino, kwenye mishipa ya fahamu. Vikiachwa wazi, maji baridi, chai ya moto, hata upepo ukifungua mdomo, vyote vinapenya.

Na enameli haina chembe hai ndani yake. Mfupa ukivunjika huunga, ngozi ikichubuka huota. Enameli ikishalika haioti. Ikiwa imelainika tu, mate huirudishia madini kidogo kidogo na floraidi husaidia kazi hiyo, lakini tabaka lililokwisha kuondoka hakuna mti shamba wala kidonge cha kulirudisha. Daktari anaweza kuliziba au kulifunika, basi.

Madini ya enameli huanza kuyeyuka pH ya mdomoni, yaani kipimo cha ukali wa asidi, ikishuka chini ya 5.5 hivi. Maji ya limau yapo kati ya 2 na 3, na kwenye kipimo hicho kila namba moja ukishuka asidi huzidi mara 10. Pigia hesabu mwenyewe. Siki nayo haiko mbali na hapo. Kama bado unaniona natia chumvi, tumbukiza yai bichi kwenye siki uliache hadi kesho: ganda litatoa mapovu na kulainika hadi ubaki na utando. Madini ya ganda si yale yale ya jino, lakini yote yana kalsiamu na yote hushindwa na asidi.

Kuna aliyekujibu kwamba bikabonati inaua ukali wa limau. Ni kweli inaua, na yale mapovu ndiyo mapambano yenyewe: gesi ya kaboni inatoka, asidi inapungua. Lakini fuata hoja hiyo hadi mwisho. Bikabonati ikizidi, limau limekwisha nguvu na hukuwa na sababu ya kulitia. Limau likizidi, asidi iliyobaki inalainisha jino halafu wewe unapitisha mswaki na unga juu yake. Kwa kijiko cha jikoni hutajua umeangukia upande upi. Mapovu hayasafishi kitu.

Kanuni yangu ni moja na siilegezi kwa yeyote: kitu kichachu ni cha kula, si cha kusugulia wala kusukutulia. Limau, ndimu, siki, ukwaju, stroberi zilizopondwa, vyote. Kula kwenye chakula, suuza mdomo kwa maji matupu, kisha subiri angalau nusu saa ndipo upige mswaki, ili mate yapate muda wa kutuliza asidi. Na wanaosema cha asili hakina madhara, naomba waache kuwaambia watu hivyo. Asidi ya limau haijali imetoka mtini au kiwandani.

Harufu ya mdomo, basi, usiitibu kwa siki. Mara nyingi chanzo chake ni bakteria wanaokaa nyuma ya ulimi na katikati ya meno, wanaotoa gesi zenye salfa. Kwangua ulimi taratibu, pitisha uzi wa meno, kunywa maji mdomo usikauke. Fizi zinazotoka damu huwa zimevimba kwa sababu ya ukoga uliokaa pembeni mwake, kwa hiyo usiziogope ukaacha kuzipigia mswaki. Tumia mswaki laini, dakika mbili, mara mbili kwa siku. Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu inatuliza ukisukutua, na chumvi si chachu kwa hiyo sina ugomvi nayo. Zikiendelea kutoka damu baada ya wiki mbili za usafi mzuri, au jino likilegea, nenda ukaonwe.

Ukitaka weupe wa harusi, mwombe daktari wa meno akusafishe ukoga na madoa. Mara nyingi hilo pekee linabadilisha sura ya meno. Kama bado hujaridhika, kuna kung'arisha kwa peroksaidi kwa kipimo kinachosimamiwa, akishahakikisha huna jino lililotoboka. Nyumbani baki na dawa ya meno yenye floraidi. Ukimaliza tema povu na usisuuze kwa maji mengi, ili floraidi ibaki kwenye meno.

Hujasema kama umeshaanza au ndiyo unajiandaa. Kama umeshaanza, unasikia ganzi ukinywa maji baridi? Kama unaisikia, acha leo hii, usingoje uone kama itapita, na ukifika kwa daktari mtajie limau bila kuona haya, maana mimi ziara ya kwanza nililificha, akatafuta chanzo kwingine kabisa.