Muulize Mama Gengi: Matundu 22 kwenye kipande cha babu

Mwezi huu mfuko wa barua umejaa reli tupu. Nadhani ni lile tuta jipya la treni ya umeme kule Fela. Watu wanalipita na daladala, wanawakumbuka babu zao. Kwa wasionijua: nilizaliwa 1952 kwenye kambi ya gengi, yaani kikosi cha kutunza reli, kati ya Bukwimba na Mantare, baba akiwa mtu wa njia. Ukubwani nikakata tiketi dirishani mpaka nikastaafu. Kwa hiyo najibu kama mtu wa dirishani. Mwenye haraka namhudumia upesi, mwenye mzigo anakaa benchi tuzungumze.

Shikamoo Mama Gengi. Tulipokuwa tukigawana vitu vya marehemu babu huko Malampaka tulikuta mkebe wa tumbaku. Ndani mna karatasi ngumu yenye vyumba 30, na 22 kati yake vimetobolewa. Nyuma kuna namba, jina hakuna. Bibi alikuwa akisema babu ujanani "alibeba udongo wa reli". Ni kitu gani hiki, na kwa nini alikificha miaka yote hiyo? — Mwl. K., Nyakato

Marahaba Mwalimu. Kaa benchi.

Hicho ni kipande. Vyumba 30 ni siku 30 za kazi, na hapo ndipo palipokuwa na ujanja, maana siku ya kazi haikuwa siku ya kalenda. Asubuhi mnyapara alikupimia ngwe yako: udongo wa kuchimba kutoka hapa mpaka kwenye kile kijiti, uubebe kwa karai ukaumwage juu ya tuta. Ukimaliza ngwe jua likiwa bado lipo, unatobolewa. Mvua ikinyesha mchana, hutobolewi. Ukishikwa na homa ukalala chini ya mti, hutobolewi. Ukigombana na mnyapara, hata ngwe umeimaliza, unaweza usitobolewe vilevile. Mshahara ulikuja vyumba vyote vikijaa, hata kama siku 30 zimekuchukua miezi miwili.

Sasa hesabu mwenyewe. Matundu 22 maana yake babu yako alibakiza manane. Labda aliugua, labda alichoka akarudi kulima pamba. Lakini karatasi iliyojaa ilirudishwa kwa karani ili mtu alipwe. Iliyobaki mkebeni ni ile ambayo haikulipwa. Mtu hatunzi miaka sitini deni alilokwisha kulipwa, Mwalimu.

Wewe unafundisha Kiswahili, basi wape wanafunzi hili: neno kibarua ni barua ndogo. Mwanzo lilikuwa jina la ile karatasi, si la mtu. Karatasi ikamla mtu, mpaka leo tunamwita yeye kibarua. Wenzake waliokwenda kukata mkonge wakaitwa manamba, kwa sababu ya zile namba walizopewa. Babu yako amepitia yote mawili, ana kipande na ana namba, jina ndilo halimo.

Tuta alilobeba ni la njia ya Tabora kuja Mwanza, iliyofika hapa ziwani 1928. Kabla ya hapo pamba ya Usukumani ilipakiwa melini mpaka Kisumu, maana reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika huko tangu Desemba 1901. Ile ya Kisumu waliijenga zaidi Wahindi walioletwa kwa mkataba, wapatao 32,000, na kama 2,500 hivi wakafia njiani. Simba wa Tsavo wa 1898 ndio waliopata sifa zote. Maradhi yaliyoua wengi kuliko simba hayana hata sanamu.

Na kwetu huku, njia ya kati Wajerumani waliianza Dar es Salaam 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Waliochimba walikuwa Wanyamwezi wengi, watu ambao baba zao na babu zao walikuwa wapagazi wa misafara kwenda pwani. Ilipofika treni, upagazi ukafa. Walilipwa ili wajenge kitu cha kuwaondolea kazi yao, tena walilipwa kwa kipande.

Usiilaminishe hiyo karatasi. Iweke kwenye bahasha ya karatasi kavu, mbali na jiko, na uandike jina la babu juu ya bahasha.

Mama, mjomba anabisha eti wafanyakazi wa reli waligoma karibu miezi mitatu kabla ya Uhuru. Mimi nasema haiwezekani, wangekula nini? Tumewekeana kreti ya soda. — Dogo wa Igogo

Nunua soda.

Ni siku 82, mwaka 1960. Chama kiliitwa TRAU, chama cha Waafrika wa reli ya Tanganyika, na katibu wake alikuwa Kasanga Tumbo. Tena haukuwa mgomo wa kwanza. Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waliweka mizigo chini, na mgomo ukapanda bara ukiifuata reli, stesheni baada ya stesheni. Reli ilijengwa ibebe pamba na karanga, ikabeba na habari.

Mwaka huo 1947, mwezi mmoja baadaye, wenzetu wa reli ya Dakar hadi mto Niger, Afrika Magharibi, nao waligoma, tarehe 10 Oktoba, na hawakurudi mpaka 19 Machi 1948. Zaidi ya miezi mitano. Wao walitaka Mwafrika na Mfaransa wawe kwenye ngazi moja ya kazi. Mwambie mjomba na hilo, atakuongezea chupa.

Sasa swali lako la chakula, maana hilo ndilo swali la kweli. Mwaka 1867 huko Marekani, Wachina waliokuwa wakipasua milima ya California kwa ajili ya reli walitaka mshahara zaidi na saa pungufu: saa 10 nje, saa 8 ndani ya mahandaki. Msimamizi mkuu, Charles Crocker, hakubishana nao. Alizuia chakula kisipande mlimani. Haikutimia hata wiki mbili, wakarudi kazini.

Sisi tulikula michembe. Nilikuwa na miaka minane. Mama alikuwa na magunia mawili ya viazi vilivyokaushwa, akawa anatuchemshia michembe asubuhi na jioni mpaka nikaichukia. Leo hii nikiiona sokoni napita upande mwingine. Wajomba zangu walileta udaga kwa baiskeli. Mwenye duka pale stesheni alitukopesha wiki za mwanzo, kisha akasema daftari limejaa, na mimi nililiona lina kurasa nyeupe.

Kila jioni mama alichora mstari kwa mkaa ukutani jikoni, na kila wa tano akaulaza juu ya minne. Hesabu yangu ya kwanza niliisomea pale. Treni zilipungua. Siku moja ilipita moja, kichwani yuko Mzungu mwenye kofia ya jua, haikupiga honi kambini kama ilivyokuwa desturi. Watoto tulisimama kumpungia mkono kama tulivyozoea, mama akatushika mikono akaishusha.

Baba alikuwa na shida yake. Mtu wa gengi asubuhi hutembea njia na nyundo ya mpini mrefu, anagonga boliti za kila kiungo cha reli. Iliyokaza inalia *ngii*. Iliyolegea inasema *pwa*, unatoa spana. Anaangalia kokoto zisizame, anaangalia mataruma yasicheze, na saa ya jua kali anaangalia chuma kisijikunje. Miaka 11 alikuwa amefanya hivyo. Basi mgomo ulipofika wiki ya tatu akaanza kutoroka usiku kwenda kutembea njia, bila nyundo, anaigusa reli kwa kisigino. Mama akamuuliza, "Baba Nkwimba, wewe umegoma au hujagoma?" Akajibu kwamba amegoma na bwana mkubwa, abiria hawamdai kitu.

Wenzake wa gengi walipojua walimkasirikia, na walikuwa na haki. Boliti ikikazwa bure, mgomo unalegea. Nimelifikiria jambo hili miaka 60 na bado sijui ningekuwa upande gani.

Walirudi kazini. Baadaye serikali ikapaka kota chokaa, na kabla hawajafika jikoni nilihesabu mistari ya mama. Ilikuwa 79. Nikamuuliza siku tatu zimekwenda wapi, akasema ndizo alizolala na malaria.

Kuhusu Tumbo: 1962 alipelekwa London kuwa balozi, akajiuzulu mwaka huohuo, akaja kuanzisha chama chake cha upinzani, na 1964 akawekwa kizuizini. Mwaka 1962 ilitungwa sheria iliyofanya kugoma kihalali kuwe kazi kubwa kuliko kazi yenyewe, na 1964 vyama vyote vya wafanyakazi vikavunjwa, kikawekwa kimoja, NUTA. Baba alikatwa ada ya NUTA kwenye mshahara mpaka alipostaafu. Hakuwahi kwenda mkutanoni.

Bi Mkubwa, baba yangu alikuwa baharia hapa ziwani lakini kiinua mgongo chake kililipwa na Reli. Ilikuwaje mtu wa majini awe wa reli? — Binti wa Ukerewe

Hakuna kosa, mwanangu. Tangu 1948 shirika lilikuwa moja kwa nchi tatu, Reli na Bandari za Afrika Mashariki, na meli za ziwa zilikuwa chini yake. Baba yako na baba yangu walikuwa na mwajiri mmoja. MV Victoria ililetwa vipande vipande kutoka Scotland, ikaungwa Kisumu. MV Umoja ina reli juu ya sitaha, mabehewa yanaingia humo kwa magurudumu yao pale Mwanza South. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 kila nchi ikachukua chake. Wazee wengi walihangaikia mafao yao miaka mingi baada ya hapo. Kama ya baba yako yalilipwa, mshukuru Mungu na yule karani.

Shikamoo Mama. Nilikuwa kibarua kwa mkandarasi mdogo kwenye ujenzi wa reli mpya, miezi saba, napanga kokoto na kufunga nondo. Sikupewa mkataba. Jina langu lilikuwa kwenye daftari la fomani tu. Saa 11 kwa siku, siku sita. Nilipouliza ya ziada, kesho yake nikaambiwa nisije. Leo ni siku ya 12. Nifanye nini, au niachane nayo? — Jina limehifadhiwa, Misungwi

Marahaba mwanangu. Gazeti hili hutoka mara moja kwa mwezi, kwa hiyo nilikupigia simu siku ileile barua yako ilipofika. Nairudia hapa kwa wenzako.

Kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30. Hizi ni za kalenda, mvua inyeshe isinyeshe. Wewe umeshavuka miezi sita kazini, na hilo ni muhimu, kwani chini ya hapo mlango huo huwa umefungwa. Madai mengine, kama malipo ya ziada, yana siku 60. Unajaza fomu namba 1 na mwajiri anapewa nakala.

Sheria ya ajira ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki. Saa 11 mara siku sita ni 66. Zile 21 za juu hulipwa mara moja na nusu. Na sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi yako kwa maandishi. Asipoyatoa mbele ya Tume, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini ni wake, si wako. Watu wengi hawalijui hili. Wanadhani asiye na karatasi hana kesi.

Uliniambia kwenye simu huna ushahidi. Nikakuuliza mlikuwa mkilipwaje, ukasema kwa simu, kila Jumamosi. Nikakwambia fungua ujumbe, usifute kitu, uhesabu. Ukakaa kimya, nikawa nasikia pikipiki zinapita huko uliko. Halafu ukasema, "Ziko 28, Mama. Na mbili nilizoumwa."

Nikakwambia umebakiwa na siku 18. Chapisha hizo 28 kwenye karatasi, uweke na picha ya kofia yako yenye jina la kampuni, na uende na yule mwenzako wa zamu aliyeahidi kusema. Ukikwama kwenye fomu niletee. Mimi nipo Kirumba, asubuhi nakuwa barazani.