Rio, anzia bandarini

Wiki iliyopita mliuliza: msafiri akifika mji mkubwa asioujua, aanzie mtaa gani? Nitajibu kwa mji mmoja tu, Rio de Janeiro, kwa sababu mimi niliuanza kwa kukosea.

Siku tatu za kwanza niliishia Copacabana. Mchanga mzuri, madafu kila hatua chache. Nikapanda tramu ya manjano kwenda Santa Teresa, ikapita juu ya matao ya Lapa, nikapiga picha. Basi.

Siku ya nne nikashuka Praça Mauá na kuingia kwa miguu mitaa ya Saúde na Gamboa, upande wa bandari. Mwendo wa kama robo saa, unakuta pahali palipochimbwa, chini ya usawa wa barabara. Ni gati la Valongo. Lilijengwa mwaka 1811, na inakadiriwa Waafrika wapatao 900,000 waliteremshwa hapo wakiwa watumwa. Mwaka 1843 lilifunikwa kwa gati jipya la kumpokea mke wa mtawala wa Brazili, kisha nalo likafukiwa. Lilifukuliwa mwaka 2011, eneo la bandari lilipokuwa likikarabatiwa. UNESCO ililiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2017.

Ukichungulia unaona mawe ya aina mbili. Ya juu yamechongwa pembe nne, ya gati la malkia. Ya chini ni ya mviringo, makubwa kwa madogo, hayalingani. Hayo ya chini ndiyo yaliyokanyagwa na watu wetu. Nasema wetu kwa kuwa mimi ni Mmakua wa Masasi, na kati ya waliopakiwa melini Quelimane na Kisiwa cha Msumbiji walikuwemo Wamakua. Kule Rio waliitwa "Moçambique" tu, wote kwa jina moja. Nilisimama pale hadi jua likanichoma utosi, sikuweza kuondoka.

Gamboa hiyohiyo, barabara ya Pedro Ernesto, kuna nyumba ambayo mwaka 1996 wenyewe walikuwa wakiikarabati, wakakuta mifupa ya watu ardhini. Waliokufa mara tu baada ya kufika walitupwa hapo. Leo ni makumbusho. Tafadhali usiipite.

Wakati wa kurudi nikaona kibao dukani: QUITANDA. Nikasogea nikidhani wanauza vitanda. Ndani kulikuwa na nyanya, ndizi na bamia. Neno lilitoka Angola, katika lugha ya Kimbundu, maana yake soko au genge, nalo Wabrazili wanalitumia mpaka leo. Nilinunua ndizi, nikalitamka neno lile kwa sauti, muuzaji akatabasamu.

Kwa hiyo ushauri wangu: nenda Jumatatu. Alasiri shinda Valongo. Giza likiingia, sogea Pedra do Sal, dakika chache tu kwa miguu, kwenye ngazi zilizochongwa katika mwamba. Wapigaji samba huketi kuizunguka meza, watu wakawazunguka wao. Copacabana utaenda Jumanne.