Hisa za memori: ukiona P/E ndogo, usikimbilie

Maswali ya chipu za memori yamekuwa mengi, nimeona niyajibu kwa pamoja. P/E, kwa asiyeijua, ni bei ya hisa ukiigawa kwa faida ya kampuni kwa kila hisa.

Nasikia kuna memori mpya yenye kasi inayokaribia RAM, na umeme ukikatika haipotezi data. Si ndiyo ya kuingia mapema? (Msomaji, Arusha)

Ahadi hiyo si ngeni. Julai 2015 kampuni za chipu za Intel na Micron zilitangaza memori ya 3D XPoint, zikadai ina kasi mara 1,000 ya memori za flashi, zile zinazohifadhi picha na mafaili kwenye simu. Ilifanya kazi kweli, na Intel iliiuza kwa jina la Optane. Kilichoiangusha ni bei. RAM na flashi huzalishwa kwa wingi mno kiasi kwamba gharama yake huzidi kushuka, wakati hii mpya ilikosa wanunuzi wa kutosha kukishughulisha kiwanda. Machi 2021 Micron ilitangaza kujitoa, na kiwanda cha Lehi, Utah, kikauzwa kwa Texas Instruments kwa dola milioni 900. Julai 2022 Intel nayo ikaanza kuifunga biashara hiyo na kufuta kwenye vitabu bidhaa za dola milioni 559. Hao ni wakubwa wenye fedha zao. Kampuni changa yenye hati za ubunifu na slaidi nzuri itapona wapi?

Na kampuni ya Everspin?

Angalau hii ina bidhaa na wateja. Inauza MRAM, memori inayotunza data kwa usumaku, na imo kwenye soko la hisa la Nasdaq, Marekani, tangu Oktoba 2016. Bidhaa zake huenda kwenye mitambo ya viwandani, vyombo vya anga na kwingine ambako data haitakiwi kupotea hata kwa sekunde. Lakini chipu yake kubwa ya MRAM ni ya gigabiti 1, ilhali chipu ya kawaida ya DRAM, yaani RAM ya simu na kompyuta, ina 16. Haiji kuchukua nafasi ya RAM ya simu yako. Ukiinunua, jua umenunua biashara ndogo ya pembeni.

P/E ya Micron ikishuka hadi chini ya 10, si ina maana hisa ni rahisi? (Msomaji, Nairobi)

Kwa benki, pengine. Kwa memori, mara nyingi ni kinyume chake. DRAM karibu yote duniani hutoka kwa Samsung, SK Hynix na Micron, na biashara yao huenda kama ya vitunguu: bei ikipanda kila mtu analima, mavuno yakija yote kwa pamoja bei inaporomoka. Kiwanda kipya huchukua miaka kukamilika, kwa hiyo uamuzi uliofanywa wakati wa neema huzaa mzigo wakati wa ukame.

Tazama namba. Mwaka wa fedha wa 2022 Micron ilipata faida ya dola bilioni 8.7. Uliofuata, hasara ya bilioni 5.8. Sasa hisa yenyewe: mwanzoni mwa 2022, faida ikiwa tele na P/E ikivutia, iliuzwa zaidi ya dola 90, Desemba ilikuwa karibu 50. Mwaka 2023, wa hasara, ikapanda hadi kupita 80. Soko halikungoja faida irudi. P/E huwa ndogo pale faida inapokaribia kilele, na hapo ndipo mgeni anapoingia.

Lakini safari hii kuna AI. (Msomaji huyohuyo)

Kuna tofauti, sikatai. Chipu za AI za kampuni ya Nvidia hutumia HBM, yaani DRAM zilizopangwa ghorofa juu ya ghorofa, na hizo hula nafasi kubwa ya kiwanda, hivyo RAM za kawaida zinaadimika. Desemba 2025 Micron ilitangaza hata kuachana na Crucial, chapa yake ya madukani. Ila wote watatu wanapanua viwanda, na hapo sijaona tofauti yoyote na zamani.

Nichukue mkopo wa Sacco ninunue?

Hapana.

Gawio la Marekani linakatwa kodi? (Msomaji, Nakuru)

Ndiyo, asilimia 30 kabla halijakufikia, kwa kuwa Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani. Kwa Micron usikose usingizi, gawio lake ni dogo sana. Cha kuangalia ni fomu ya W-8BEN, inayothibitisha kuwa wewe si mkazi wa kule. Huisha nguvu mwishoni mwa mwaka wa tatu baada ya ule ulioisaini, kwa hiyo dalali akikutumia nyingine, ijaze.