Jibu: Watu wa maafa wanafanya nini kabla eneo la Jangwani, Dar, halijajaa maji?

Mkuu, umeuliza watu wa maafa, yaani wanaosimamia majanga, hapa Dar wanafanya nini siku za jua, maana wewe huwaona siku ya mafuriko tu. Kazi kubwa iko huko huko kwenye jua.

TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, ikitoa taarifa, angalia rangi: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Mpango mzuri huamua mapema kila rangi inamwamsha nani: nani anazibua mitaro, shule ipi inafunguliwa kupokea watu, nani anagonga milango bondeni.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati kuanzia taifa na mkoa mpaka ngazi za chini. Mimi naiamini zaidi ile ya mtaani. Mkuu wa mkoa hawezi kujua nyumba ipi ina bibi asiyetembea, mjumbe anajua. Ndiyo maana Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa ulioanza 2015, ulisaidia sana: wanafunzi wa vyuo na wakazi walichora mitaro na nyumba za maeneo yanayofurika.

Maji yakishaingia, piga 114, ni zimamoto na uokoaji. (Usianze kurekodi video kwanza, tafadhali.)

Panapolegea ni baadaye. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 familia zilipewa viwanja Mabwepande, pembezoni mwa jiji, lakini wapo waliorudi bonde la Msimbazi, kwa sababu kibarua kilibaki mjini na nauli ni kila siku.