Kamera ya Baba Bila Betri

Swali: Shikamoo Mhariri. Nimerithi Pentax K1000 ya marehemu baba, nami natamani kurudia picha za mkanda. Je, itapiga bila betri? Msomaji, Tukuyu.

Jibu: Marahaba. Itapiga, kwa kuwa mitambo yake huendeshwa na springi, na betri ni ya mshale wa kupimia mwanga tu. Jua likiwaka bila wingu, weka tundu la lenzi kwenye namba 16 na, kwa mkanda wa ISO 100 (kipimo cha wepesi wa mkanda kuhisi mwanga), kasi ya sekunde 1/125. Wingu zito likitanda juu ya Mlima Rungwe, fungua tundu hilo hadi namba 5.6. Kwanza, hata hivyo, imulike lenzi kwa tochi, maana unyevu wa huko huotesha kuvu wenye nyuzi kama utando wa buibui, nao ukiachwa hula kioo chenyewe. Kwa sababu ya unyevu huo, tafadhali usiifungie kamera kwenye mkoba wa ngozi.